Mpe mmea unaotambaa kile unachokitafuta: mwongozo wa kusimika, kufunga na kuelekeza

Mmea unaotambaa hausubiri kufungwa kamba. Shina linapofikia urefu wa kushindwa kujibeba, ncha yake huanza kutafuta. Inazunguka hewani, inapima juu ni wapi na chini ni wapi, inafuata mwanga au inaukimbia, na ikigusa kitu inabadili mwendo. Shambani mara nyingi tunaingilia kazi hiyo bila kuielewa: tunasimika fito nene kupita kiasi, tunavuta waya wa kulala mahali penye mmea usioweza kupanda kitu kilicholala, tunaviringisha shina kinyume cha upande wake. Siku ya tatu limejifungua, tunalalamika kwamba mbegu ni mbaya.

Mwongozo huu ni wa mwenye shamba dogo, bustani ya nyumbani au hata chungu kimoja barazani. Ukishajua mmea wako unahisi nini na kwa kiungo gani, nusu ya kazi utaiachia wenyewe.

Hatua ya 1: Jua unashika kwa kiungo gani

Usikate fito wala kununua waya kabla ya hapa. Inua majani, tazama penye vifundo vya shina.

Ukikuta shina tupu, bila uzi wala mzizi, na shina lenyewe limejisokota kwenye chochote lililokutana nacho, una mmea wa kujisokota. Hapo ndipo yalipo maharage marefu, ngwara, upupu na viazi vikuu.

Ukikuta nyuzi nyembamba zinazotoka penye kifundo, nyingine zimenyooka na nyingine zimejikunja, hivyo ni vikono. Pasheni, tango, mumunye, dodoki na zabibu za Dodoma hushika kwa vikono. Kweme wa Usambara na Kilimanjaro ni wa kundi hili pia, na kwa vikono hivyo hivyo hufika kwenye vilele vya miti mikubwa.

Ukikuta mizizi mifupi inayotoka shinani juu ya ardhi, una mmea wa kujibandika: pilipili manga, tambuu, vanila. Bogenvilia na mingine ya miiba hujiegemeza tu juu ya jirani yake. Huo ufunge kamba, upogoe, basi.

Makundi haya matatu ya mwanzo yanataka vitu tofauti kabisa, na sehemu kubwa ya hasara ninayoiona inatokana na kuyachanganya.

Hatua ya 2: Itazame ncha ikizunguka

Fanya jaribio hili mara moja tu, utayaangalia maharage kwa jicho jingine maisha yako yote. Chagua siku ya joto isiyo na upepo. Chukua mharage ulio kwenye kopo au mfuko, ambao ncha yake imerefuka na kuanza kuinama upande mmoja. Uweke juu ya karatasi kubwa. Kila baada ya dakika 15, tia alama kwenye karatasi mahali palipo chini ya ncha, uandike na saa.

Alama zitafanya duara. Kwenye joto zuri mharage humaliza mzunguko mmoja kwa muda wa saa 2 hivi. Kukiwa na baridi huenda polepole zaidi, ndiyo maana maharage ya nyanda za juu huchelewa kushika fito wakati wa kipupwe. Charles Darwin alikaa akiipima mizunguko ya namna hii kwa mimea mingi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1865, na vipimo vyake bado vinaaminika.

Ukiangalia kutoka juu, ncha ya mharage huzunguka kinyume na mishale ya saa. Haijali uko kaskazini au kusini mwa Ikweta, wala jua limesimama upande gani. Mimea mingi duniani inayojisokota hufuata upande huohuo, ila si yote: katika viazi vikuu kuna aina zinazokwenda huku na zinazokwenda kule, na wataalamu hutumia tofauti hiyo kuvitambua.

Mzunguko huu unategemea sana mvuto wa dunia. Ndani ya shina kuna tabaka la seli zenye chembe za wanga. Chembe hizo ni nzito, huzama upande wa chini wa seli, na kwa hizo shina linajua limesimama au limelala. Wajapani wana ua liitwalo asagao, la jamii moja na kiazi kitamu, ambalo kwa kawaida hujisokota vizuri. Ipo aina yake moja inayoning'inia kama iliyochoka, haiwezi kupanda chochote. Watafiti walionyesha mwaka 2005 kwamba aina hiyo ina kasoro kwenye gene inayohusika na tabaka hilo la seli. Haihisi mvuto, basi haizunguki sawasawa, na isipozunguka haijisokoti.

Kwa mkulima hili lina maana moja kubwa: mmea wa kujisokota unataka kitu kilichosimama. Ukiuwekea kamba iliyolala, ncha itaigusa, itaipita, itarudi kuzunguka hewani. Hata kopo lenye mharage uliokwisha kushika fito ukiligeuza kichwa chini, mizunguko michanga ya karibu na ncha itajifungua yenyewe.

Hatua ya 3: Simika fito za maharage

Rwanda, ambako ardhi ni ndogo na milima ni mingi, maharage ya kupanda juu yamekuwa zao kubwa tangu aina bora ziliposambazwa miaka ya 1980. Kagera, Kigoma na Mbeya nao wanayajua. Anayelima maharage haya atakwambia kwamba shida yake kubwa ni fito, kuliko hata mbegu. Kwa hiyo zitafute mapema, na uzichague kwa vigezo hivi.

Unene kwanza. Shina linapojisokota linabana, na msuguano ndio unaolizuia kuteleza. Kwenye nguzo nene mzunguko unakuwa mpana mno, shina haliwezi kubana, linateleza na kujikusanya chini. Fito ya unene wa kidole gumba hadi sentimita 3 au 4 inatosha. Mharage hauwezi kupanda shina la mwembe mzima kwa kujisokota, usiulazimishe.

Kisha ukwaruzo. Shina la mharage lina vinyweleo vyenye ncha zilizopinda, na vinahitaji kitu cha kunasia. Acha gome kwenye fito zako. Matete, mabingobingo makavu, mianzi, matawi ya grilisidia na ya sesbania yote yanafaa. Mwanzi laini sana unaweza kuukwangua kidogo kwa panga. Anayetumia bomba la plastiki alizungushie kamba ya katani kutoka chini hadi juu, la sivyo ni kazi bure.

Urefu uwe mita 2 hadi 2.5 juu ya ardhi. Mharage ukifika mwisho wa fito hausimami. Ncha inaendelea kuzunguka mpaka inashika ncha ya jirani, na kilele kizima kinakuwa fundo moja linalojitia kivuli na kuoza maganda wakati wa mvua.

Sasa wakati. Simika mapema, wiki ya pili hadi ya tatu baada ya kuota, mara tu baada ya palizi ya kwanza. Pingili zilizokwisha kukomaa hazijisokoti tena. Ni sehemu changa ya juu tu ndiyo yenye uwezo huo. Ukichelewa mpaka mashina yametambaa na kushikana yenyewe kwa yenyewe, utayakata ukijaribu kuyatenganisha. Fito iwe sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye shina, ndani kabisa ya lile duara uliloliona kwenye karatasi. Fukia sentimita 30 au zaidi ili upepo usiitikise, maana fito inayocheza huikosesha ncha mshiko.

Ukilazimika kuusaidia mmea kwa mkono, viringisha kufuata upande wake. Simama mbele ya fito: shina la mharage linapaswa kupanda kutoka chini kushoto kwenda juu kulia. Ukiliviringisha kinyume, sehemu mpya itakayokua itageukia upande wake wa asili na zile za chini zitalegea. Zungusha mara moja au mbili, kisha ondoa mkono.

Kuhusu mkono, neno moja. Mimea huhisi kuguswa hata pasipo vikono. Mwanasayansi Mmarekani aitwaye Jaffe alionyesha mwaka 1973 kwamba mimea kadhaa ikisuguliwa shina mara kwa mara hubaki mifupi na minene. Anayepita kila asubuhi kupapasa ncha za maharage yake kwa mapenzi anazichelewesha.

Hatua ya 4: Vikono, na jinsi ya kuvitumia

Hapa ndipo penye maajabu yanayonivutia kuliko yote, na ambapo kanuni ya fito iliyosimama inabadilika. Kikono kinaweza kushika waya uliolala, wavu, kijiti, hata jani kavu. Kinachotaka ni kitu chembamba.

Jaribu: tafuta kikono kichanga cha pasheni au tango kilichonyooka, chenye ncha iliyopinda kidogo. Kisugue taratibu upande wa ndani wa mpindo kwa kijiti chenye ukwaruzo, mara chache, kisha subiri. Katika dakika chache utaona kimeanza kujikunja. Darwin alikuta jamii moja ya pasheni ambayo kikono chake huanza kupinda katika nusu dakika. Ukiondoa kijiti usirudie, baada ya muda kitanyooka tena, kiendelee kutafuta.

Sasa kidondoshee maji. Hakitajali. Kikono hutofautisha mguso wa kitu kigumu chenye ukwaruzo na tone la mvua. Mtaalamu wa Ujerumani, Pfeffer, aligundua miaka ya 1880 kwamba hata kijiti kilichopakwa jelatini laini hakikiamshi. Bila uwezo huo kila mvua ingekunja vikono vyote bure. Vilevile vikono vya mmea mmoja kwa kawaida havishikani vyenyewe kwa vyenyewe kwa nguvu vinayoshikia fito. Kwa mtambazi mmoja wa Japani, jamii ya mizabibu, watafiti wameonyesha kwamba vikono hukwepa majani ya mmea wa aina yao kwa kuhisi kemikali iliyomo ndani yake vinapoyagusa.

Kikishashika, kazi haijaisha. Upande wa nje wa mpindo hukua haraka kuliko wa ndani, ncha inazunguka waya mara kadhaa, kisha sehemu iliyobaki kati ya waya na shina inajikunja kuwa springi na kuuvuta mmea karibu. Itazame vizuri: nusu ya springi imezungukia upande mmoja, nusu ya pili upande mwingine, katikati pana kipande kilichonyooka. Ncha zote mbili zimefungwa, kwa hiyo mzunguko wa kulia lazima ulipwe na wa kushoto. Upepo ukivuma springi inanyooka kidogo na kurudi, shina halikatiki. Kamba uliyoikaza kwa mkono haina uwezo huo, na ndiyo sababu mimi huacha vikono vifanye kazi ya kushikilia shina kuu kila inapowezekana.

Kwa pasheni fanya hivi. Simika nguzo za mita 2.5, fukia sentimita 60, uziache umbali wa mita 6. Vuta waya wa geji 14 juu ya nguzo, uukaze. Kila mche upe kamba ya katani au kijiti chembamba cha kuupeleka hadi kwenye waya. Ondoa machipukizi ya pembeni njiani, uache shina moja au mawili. Likifika kwenye waya, kata ncha, uelekeze tawi moja kulia na jingine kushoto. Matawi haya mawili yaache yashike waya kwa vikono vyao.

Matawi yanayotoka hapo na kuning'inia chini ndiyo yanayozaa, na hapo lazima vikono uvipunguze. Usipovikata vitashika tawi la jirani, la jirani litashika jingine, utapata pazia moja zito lisilopitisha mwanga wala hewa, lenye maradhi ndani na nyuki asiyeona maua. Pita na mkasi kila unapopogoa, kata vikono vya matawi yanayoning'inia, uache vinavyoshika waya.

Tango la kwenye kitalu nyumba linaelekezwa kwenye kamba moja iliyosimama, na wengi hukata vikono vyake vyote kwa sababu wanalifunga kwa klipu. Ni sawa kwa anayepita kila siku chache. Kwa bustani ya nyumbani napendekeza wavu wenye matundu ya sentimita 15 hivi, ambamo mkono unapita kuchuma, na tango lijishikie lenyewe.

Hatua ya 5: Mimea ya kujibandika

Pilipili manga ya Unguja, Pemba, Muheza na milima ya Uluguru inataka mti ulio hai au nguzo yenye gome la kukwaruza. Mizizi yake ya shinani hutafuta gome lenye kivuli na unyevu. Kwenye nguzo kavu inayopigwa na jua inakauka kabla ya kushika. Kwa hiyo panda mche upande wa mti usiopigwa na jua la alasiri, na hapa kamba ni ya lazima: funga shina kwa ulegevu karibu na kila kifundo mpaka mizizi ishike, kisha hama juu. Shina likining'inia mbali na gome, mizizi haina cha kushika.

Chanzo cha pingili ya kupandia nacho kina uzito. Pilipili manga ina mashina ya kupanda juu, yenye mizizi, na matawi ya pembeni yanayozaa. Ukikata pingili kwenye tawi la pembeni utapata kichaka kifupi kisichopanda. Kinafaa kwenye chungu, lakini si kwenye mfenesi wa mita 8.

Baadhi ya watambazi wa msituni hufanya jambo linaloshangaza: miche yao hukimbilia giza. Mwaka 1975 Strong na Ray walichapisha utafiti wao wa Costa Rica kuhusu monstera, jamii ya lile ua la majani yenye matundu tunaloliweka sebuleni. Mche wake ukiwa chini hutambaa kuelekea upande ulio mweusi zaidi, ambao msituni kwa kawaida ni shina la mti mkubwa. Ukishapanda hubadilika na kufuata mwanga. Mwenye monstera sebuleni ajue kwamba tawi linalojipenyeza nyuma ya kabati linatafuta mti. Liwekee nguzo iliyozungushiwa makumbi ya nazi na uwe unailowesha.

Vanila, inayolimwa Bukoba na Uganda, ina kanuni yake. Ukiiachia mti mrefu itapanda tu na kukunyima maua. Tumia mbono au grilisidia iliyokatwa ili itoe matawi kwenye urefu wa mita 1.5, ambapo mkono unafika. Shina likifika hapo, lipitishe juu ya panda ya tawi na uliache lining'inie. Likikaribia ardhi, lirudishe juu tena. Sehemu iliyopinda na kuning'inia ndiyo huelekea kutoa maua, hasa ukikata ncha kabla ya msimu. Ua hudumu siku moja, na huku kwetu lazima ulichavushe kwa mkono asubuhi hiyo, kwa njia aliyoigundua Edmond Albius, kijana mtumwa wa kisiwa cha Réunion, mwaka 1841.

Hatua ya 6: Soma pingili

Pingili ndefu, nyembamba, zenye majani madogo maana yake ni kwamba mmea bado unatafuta. Majani ya jirani hufyonza mwanga mwekundu na kuachia ule mwekundu wa mbali. Mmea una protini iitwayo fitokromu inayopima uwiano huo, nao ukihisi kivuli unarefuka. Ukiona hivyo kwenye maharage, punguza mimea au mahindi ya karibu. Kuongeza mbolea ya chumvichumvi hapo kutazidisha urefu tu. Vikono vingi vilivyokauka vikiwa vimejikunja hewani vinakuambia egemeo liko mbali au ni nene mno. Shina la maharage lililojikusanya chini ya fito limeteleza: ikwaruze fito au uibadilishe.

Hatua ya mwisho: mtambazi usiyemtaka

Hisia hizi hizi ndizo silaha ya kaskuta, vile vinyuzi vya manjano visivyo na majani vinavyofunika ua na miti, ambavyo wengi huviita mlangamia. Mche wake hauna chakula cha kuutosha zaidi ya siku chache. Unazunguka kama mharage, na unanusa. Mwaka 2006 Runyon, Mescher na De Moraes walionyesha kwamba mche wa kaskuta hukua kuelekea mche wa nyanya, hata ukipewa harufu ya nyanya pekee bila mmea wenyewe. Ukishagusa hujisokota, kisha hutoboa shina na kunyonya.

Kwa hiyo usihangaike kuufungua uzi kwa uzi, maana kipande kinachobaki kimeshika kitaota tena. Kata tawi lote lililoshambuliwa, sentimita kadhaa chini ya mshiko wa mwisho, kabla kaskuta haijatoa mbegu. Litie kwenye mfuko papo hapo, ulichome. Usilitupe kwenye mboji wala juu ya ua wa jirani. Kisha rudi baada ya mvua inayofuata, ukague chini ya pale ulipokata: miche yake ni myembamba kama uzi, na inang'oka kwa vidole viwili.